Waliodhulumiwa Wapewe Kitabu na Sinema

Mtu aliyevunjika mguu katika kata ya Ugalla, wilayani Nsimbo, anajua pa kwenda. Atabebwa kwa baiskeli au pikipiki hadi zahanati, na kutoka hapo hadi Mpanda mjini, na huko atapigwa picha, atafungwa plasta na kupewa tarehe ya kurudi. Lakini mtu aliyepigwa na kudhalilishwa utotoni mwake, au aliyemwona baba yake akichukuliwa usiku asirudi tena, hana dirisha la kupangia foleni. Jeraha lake halivuji damu. Analala nalo, anaamka nalo, anakwenda nalo shambani, na mara nyingi anawarithisha wanawe bila ya kukusudia. Ni juu ya jeraha la namna hiyo tunataka kuzungumza leo, na juu ya dawa mbili ambazo wengi wetu tumezoea kuziita starehe tu, nazo ni kitabu na sinema.

Wapo wasomaji wetu wa Unguja, Pemba na Mafia watakaouliza Ugalla iko wapi, na yatuhusu nini sisi watu wa visiwani. Ugalla ni nchi ya mto na miombo, huko magharibi, katika mikoa ya Katavi na Tabora. Mto wenyewe huteremka hadi kuungana na Malagarasi, nao Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Reli ya tawi itokayo Kaliua kwenda Mpanda huuvuka. Sehemu kubwa ya bonde lake ilikuwa pori la akiba, na mwaka 2019 ikapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Wenyeji wake ni warina asali, wavuvi wa msimu, wakulima wa mahindi na tumbaku. Mgeni akifika husikia ukimya, akadhani ukimya huo ni raha.

Yatuhusu, tena sana. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani, kwa fedha na bunduki zilizokopeshwa Unguja, ilipita Tabora na kutawanyika kuelekea Ujiji na Karema, ikirudi na pembe za ndovu na binadamu wenzetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi yenyewe ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897, lakini kumbukumbu haifungwi kwa mkataba. Bara hii na visiwa vile vimefungwa kamba moja tangu zamani, na haitufai sisi wa upande mmoja kujifanya hatuijui ncha ya pili.

Kuna na jambo la karibu zaidi. Mwezi wa Aprili 1972 nchi jirani ya Burundi iliingia katika mauaji ambayo Warundi wenyewe huyaita ikiza, yaani balaa kuu. Wanahistoria wengi hukadiria kuwa walikufa watu kati ya 100,000 na 200,000, na wapo wanaotaja hesabu kubwa kuliko hiyo. Waliowindwa mbele ya wengine walikuwa watu wa elimu: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari na wa chuo kikuu, ambao baadhi yao waliitwa majina darasani na kupandishwa malori. Waliookoka walivuka mpaka. Serikali yetu ikawapa ardhi, kwanza Ulyankulu katika Mkoa wa Tabora, kisha Katumba tangu mwaka 1973, na Mishamo tangu mwaka 1978, haya mawili ya mwisho yakiwa ndani ya wilaya ya Mpanda ya wakati ule. Wakafyeka pori, wakalima, wakauza ziada. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo walipewa uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 vyeti vyao vikaanza kugawiwa. Ni tendo ambalo taifa letu lina haki ya kulionea fahari, na sisi tunaoandika safu hii hatuoni haya kulisema kwa sauti.

Hata hivyo cheti cha uraia kinatibu ukosefu wa nchi. Hakitibu usiku wa mwaka 1972. Na hebu tufikiri maana ya mauaji yaliyowatafuta wenye kalamu. Kwa watu wale kitabu kiligeuka kuwa alama ya kumtambulisha mtu wa kuuawa. Huko Burundi wazazi wengi waliogopa kwa miaka mingi kuwapeleka watoto wao shuleni, kwa kuwa walikwisha kuona mwisho wa waliosoma. Kwa hiyo tunaposema kwamba kitabu ni dawa, tusiseme kama watu tusiojua kwamba palikuwa na mahali ambapo kitabu kilikuwa hukumu. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona kamba, na kumrudishia mtu kama huyo imani juu ya maandishi ni sehemu ya tiba yenyewe.

Mtafiti mmoja mwanamke kutoka Finland, Liisa Malkki, aliishi katika mkoa huu na mji wa Kigoma kati ya mwaka 1985 na 1986, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya aliyoyasikia. Alikuta jambo la kutia fikira. Wakimbizi waliokaa pamoja Mishamo walikuwa wakiisimulia historia yao kila siku, kila mmoja akiongeza kipande chake, hadi ikawa kama somo lililokaririwa. Wale waliojichanganya na wenyeji mjini Kigoma walipendelea kunyamaza na kuendelea na maisha. Tukiyasoma hayo tunaona kwamba kusimulia peke yake si tiba. Hadithi inayorudiwa kila jioni kwa ajili ya kujua nani adui, bila ya kupata mahali pa kutua, yaweza kulifanya kovu kuwa bendera, na bendera ya namna hiyo haichelewi kubebwa na vijana ambao hata hawakuwepo. Kunyamaza nako si tiba. Tumewaona wanyamavu wengi ambao ulevi na fimbo ndani ya nyumba vimesema kwa niaba yao.

Basi tofauti iko wapi? Jibu moja limetoka kwa majirani zetu wa Uganda, nalo linastahili kujulikana zaidi na maofisa wetu wa ustawi wa jamii. Katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, wataalamu walijaribu njia ya kumsaidia aliyeteswa asimulie maisha yake yote kwa utaratibu, tangu kuzaliwa, mema na mabaya. Kamba hutandazwa chini, na juu yake mtu huweka ua kwa kila furaha na jiwe kwa kila balaa. Kisha huanza kusimulia, jiwe kwa jiwe, mwenzake akisikiliza na kuandika. Kikao kinachofuata maandishi husomwa, mwenyewe husahihisha na kuongeza. Mwishoni hukabidhiwa kijitabu cha maisha yake mwenyewe, chenye sahihi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004: mwaka mmoja baada ya matibabu, miongoni mwa waliopitia njia hiyo ni asilimia 29 tu waliobaki na ugonjwa wa kiwewe, ambapo miongoni mwa waliopewa ushauri wa kawaida walibaki asilimia 79. Kundi lilikuwa dogo, watu 43, na mwenye busara hajengi nyumba juu ya nguzo moja. Lakini baadaye jaribio kama hilo likafanywa Nakivale kwa wakimbizi 277 wa Kirwanda na Kisomali, safari hii washauri wakiwa wakimbizi wenyewe waliofundishwa kazi, wala si madaktari wa chuo kikuu, na bado ikaonekana faida.

Hapo ndipo tunapoiona tofauti. Tukio lile ambalo lilikuwa likimvamia mtu usiku bila mwanzo wala mwisho limewekwa katika mstari, likapata tarehe, likapata kabla na baada. Sasa liko ndani ya kitabu, na kitabu mwenyewe anaweza kukifunga.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yamezuliwa na wageni. Kwa njia mbovu, magharibi ya Mpanda, kando ya Ziwa Tanganyika, upo mji mdogo wa Karema. Huko aliishi Adrian Atiman. Mtu huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria, na huko mapadri Wazungu wakamkomboa kwa fedha mwaka 1876. Alisomeshwa uganga wa hospitali katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889, akaoa, akazaa, na akatibu watu wa pwani ile ya ziwa hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji, ni miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Uzeeni aliandika habari za maisha yake kwa kalamu yake, na mwaka 1946 zikachapishwa katika jarida la kumbukumbu za Tanganyika. Yule aliyewahi kutiwa bei kama mbuzi akawa yeye ndiye anayetaja majina, miji na miaka. Tunajiuliza ni wanafunzi wangapi wa sekondari za Mkoa wa Katavi waliowahi kusikia jina lake. Habari zake zingewekwa kwa Kiswahili katika kijitabu cha kurasa 40 na kupelekwa katika kila shule ya mkoa huu, zingefanya kazi ambayo hotuba 40 hazifanyi.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tulikutana na jambo hili mapema, pengine bila kulitambua. Neno la kwanza lililoteremshwa ni amri ya kusoma. Na katika sura zote za Kitabu, ipo moja ambayo ni kisa kimoja mfululizo kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho, nayo ni ya Nabii Yusuf: mtoto aliyetupwa kisimani na ndugu zake mwenyewe, akauzwa kwa thamani duni, akasingiziwa, akafungwa, na mwishowe akasimama mbele ya ndugu wale wale. Wanavyuoni wengi wanaeleza kwamba sura hiyo iliteremshwa wakati Mtume alipokuwa katika majonzi makubwa ya kufiwa. Aliyefikwa na huzuni alipewa kisa cha mwingine aliyedhulumiwa. Walimu wetu walitufundisha kuisoma kwa sauti nzuri, lakini ni wachache waliotuambia kwamba aliyeonewa na watu wa nyumbani mwake anaweza kuisoma kama barua iliyoandikiwa yeye.

Mwana wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, alilishika jina hilo hilo la Yusuf alipoandika riwaya yake ya mwaka 1994, Paradise. Ni habari ya mvulana wa miaka 12 aliyetolewa na baba yake kwa tajiri ili kulipia deni, akachukuliwa pwani, kisha akapelekwa katika msafara wa bara hadi ng'ambo ya ziwa kuu. Njia zile zile za misafara tulizozitaja ndizo anazozipita. Oktoba 2021 Gurnah alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2022 riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kutoka kwa wachapishaji Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ilichukua miaka 28 kwa kitabu hicho kurudi katika lugha ya watu wanaosimuliwa ndani yake. Tumekwisha kukipata; sasa kipatikane Wete na Mkoani, Kilindoni na Mpanda, si katika maduka mawili matatu ya Dar es Salaam peke yake.

Tuseme pia lililo gumu. Mwezi ule ule wa Aprili 1972, tarehe 7, Zanzibar ilimpoteza Rais wake wa kwanza, Mzee Abeid Amani Karume, kwa risasi, na siku zilizofuata watu wengi walikamatwa. Shafi Adam Shafi aliandika riwaya iitwayo Haini, iliyotoka mwaka 2003, inayosimulia mateso ya mahabusu baada ya kuuawa kwa kiongozi wa nchi. Wapo wenzetu katika Chama ambao wangependa vitabu vya namna hiyo visisomwe, kwa hoja kwamba vinafukua makaburi. Sisi tuna maoni tofauti, na tunayatoa kwa heshima. Kijana akiyakuta mambo hayo katika riwaya iliyoandikwa kwa utulivu, na mzee wake akiwa hai wa kumwuliza, hana haja ya kuyaokota barabarani yakiwa yametiwa sumu. Chama chenye historia ndefu hakiwezi kuogopa riwaya.

Hadi hapa tumezungumza habari za mataifa na misafara. Lakini dhuluma iliyo nyingi zaidi haina tarehe katika vitabu vya historia, kwa kuwa hutendeka ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Mwaka 2009 nchi yetu ilifanya uchunguzi mkubwa juu ya ukatili dhidi ya watoto, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2011 bila kificho, jambo ambalo serikali nyingi hazikuwa na ujasiri wa kulifanya. Ilionekana kwamba huku bara karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikwisha kutendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kufikia umri wa miaka 18. Zanzibar hesabu ilikuwa ndogo kuliko hiyo, lakini huko wavulana waliosema walizidi wasichana, kiasi cha asilimia 9 kwa asilimia 6. Tarakimu hiyo iwashughulishe wazazi wa visiwani, ambao tumezoea kumlinda binti na kumwacha mtoto wa kiume ajilinde mwenyewe.

Na Katavi? Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016 mkoa huu uliongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, ambapo kwa taifa zima walikuwa 27. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kushuka hadi 34. Tumeshuka, ndiyo, lakini hao 34 ni binti zetu, na si wote waliofika hapo kwa hiari yao. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua warudi mashuleni. Anayerudi darasani na mtoto nyumbani na siri kifuani anahitaji kitu kingine zaidi ya dawati.

Msichana huyo akiulizwa ana kwa ana na mtu mzima, atatazama chini. Mila inamfunga, hofu inamfunga, na mara nyingi aliyemdhuru ni mtu anayepaswa kumwamkia kila asubuhi. Lakini mpe Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, asome habari za Maimuna aliyefungiwa ndani na baba mkali mwenye heshima mitaani, akatoroka na kuangukia mikononi mwa waliomharibu. Au mpe Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni kwa kuwa ilisema wazi yale yaliyokuwa yakitendeka. Kisha uliza darasa: Maimuna alikosa nini? Nani angeweza kumsaidia, na kwa nini hakumsaidia? Msichana aliyeshindwa kusema neno moja juu yake mwenyewe atasema maneno mia juu ya Maimuna. Anazungumza nyuma ya pazia, na pazia hilo ndilo linalomstahi. Pengine siku ya tatu atabaki darasani wenzake wakiondoka, amwambie mwalimu kwamba yamemfika yaliyomfika Maimuna. Mwalimu aliyeandaliwa atajua la kufanya. Asiyeandaliwa atalitangaza ofisini, na hapo tumemwumiza mtoto mara ya pili.

Sinema ina nguvu kuliko kitabu kwa mambo mawili: haihitaji kusoma, na huangaliwa na watu wengi pamoja. Taifa letu limekwisha kutoa sinema juu ya jambo hili hili tunalolizungumza. Mwaka 2001 Martin Mhando na mwenzake Ron Mulvihill walitoa Maangamizi, ambayo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar. Ndani yake yumo mwanamke aitwaye Samehe, sehemu iliyochezwa na Amandina Lihamba, aliyekaa hospitali ya wagonjwa wa akili miaka mingi bila kutamka neno, kwa sababu ya ukatili alioushuhudia utotoni katika nyumba ya baba yake. Anatumwa daktari kutoka Marekani kumtibu, naye daktari huyo, kumbe, amebeba jeraha lake la utotoni ambalo hajamwambia mtu. Kitu kinachotupendeza katika sinema hiyo ni kwamba mganga na mgonjwa wanapona pamoja, na hakuna anayekimbizwa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1980, Mulvihill na Nangayoma Ng'oge walitengeneza Arusi ya Mariamu, habari ya mwanamke mgonjwa aliyewaogopa waganga kwa sababu ya jambo lililompata akiwa mdogo. Na Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi ya mwaka 1999 inayomsimulia Yasmin, binti wa miaka 15 aliyeozwa kwa mume mzee, ilifanywa sinema na Amil Shivji mwaka 2021 na kuonyeshwa Toronto. Ni vyema ionekane Toronto. Swali letu ni lini itaonekana Ugalla, katika mkoa ambao binti wa umri wa Yasmin ni habari ya kila juma.

Vibanda vya video vipo vijijini, tena vimejaa. Lakini ingia humo jioni yoyote uone watoto wanatazama nini: ngumi, risasi na damu, huku mtafsiri akiwachekesha. Mtoto anayepigwa nyumbani anajifunza humo kwamba dawa ya kupigwa ni kuwa mpigaji. Hatutaki vibanda vifungwe. Tunataka vipate kitu kingine cha kuonyesha. Zamani lilikuwapo gari la sinema la Serikali, lililofika kijijini kwa vumbi na kelele, likatundika shuka jeupe kati ya miti miwili, na kijiji kizima kikakaa chini. Katika kambi ya Kakuma, Kenya, shirika la FilmAid lilianza mwaka 2001 kuonyesha wakimbizi sinema uwanjani kwa namna iyo hiyo, na kuendesha mazungumzo juu ya yaliyoonekana. Mazungumzo ndiyo nusu ya dawa. Picha ya mateso ikitupwa mbele ya mtu aliyeteswa, kisha taa zikazimwa na kila mtu akaenda kwake gizani, ni heri isingeonyeshwa.

Walimu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilielewa hilo mapema. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari, wasichana wakitunga wenyewe michezo ya kuigiza juu ya yanayowasibu, pamoja na bughudha za walimu, na kuicheza mbele ya walimu hao hao na wazazi. Mpango huo umevuka mipaka na kuigwa katika nchi nyingine za Afrika. Haukuhitaji mashine, ulihitaji mwalimu anayekubali kuambiwa.

Wenzetu wa Serikali watasema bajeti haitoshi. Tunaijua hoja hiyo, na tumeitumia wenyewe katika vikao. Lakini mengi yamekwisha kugharimiwa. Madawati ya jinsia na watoto yapo katika vituo vya polisi tangu mwaka 2008. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, mwaka 2011. Namba ya simu 116 inapokea habari za mtoto anayeonewa. Na mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto umeingia awamu ya pili. Mipango hii inamshika mkosaji na kumpokea mwathirika siku ya kwanza. Kitabu na sinema haviwezi kushika nafasi yake, na atakayemwambia mtoto aliyenajisiwa juzi akasome riwaya badala ya kumpeleka hospitali na polisi ametenda uovu wa pili. Sisi tunazungumzia siku ya elfu moja, wakati kesi imekwisha na watu wamesahau, isipokuwa mmoja.

Kwa siku hiyo tunaomba mambo ambayo Halmashauri inayaweza. Bodi ya Huduma za Maktaba ipeleke masanduku ya vitabu vya Kiswahili katika kata za Nsimbo na Mishamo, kama zilivyopelekwa maktaba za vijiji wakati wa kampeni ya kisomo, ile iliyoteremsha idadi ya wasiojua kusoma kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986 kwa hesabu rasmi. Mafia na Ukerewe, visiwa vyote viwili, vilikuwa katika wilaya 6 za kwanza zilizopewa jukumu hilo, na wazee wa huko wanaweza kutueleza jinsi sanduku moja la vitabu lilivyozunguka nyumba hadi nyumba. Maofisa utamaduni wapate projekta moja, jenereta moja na ruhusa ya kuonyesha sinema zetu wenyewe. Walimu wawili katika kila shule wafundishwe kusikiliza, na kutunza siri.

La mwisho halina gharama hata hiyo. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 alipovuka mpaka mwaka 1972 amekwisha kupita miaka 60, na wale waliovuka wakiwa watu wazima wamebaki wachache, wengi wao hawaoni vyema tena kuandika. Katumba kuna vijana waliomaliza kidato cha nne na hawana kazi, wajukuu wa wazee hao hao, wanaojua Kirundi na Kiswahili. Madaftari yapo madukani. Ofisa Maendeleo ya Jamii anaweza kuwakutanisha kabla ya mvua za Novemba, wakati kazi za shamba zimepungua na wazee wanakaa nje hadi jua linapozama.